Nilibeba kadi ya salamu ya soja wetu wiki nzima, na stesheni ilikuwa chumbani kwangu

Wakuu, hamjambo. Mimi humu ni msomaji tu, wengi hamnijui. Leo naandika, na nitakayosema ni ya kweli yote, hata pale ambapo ningependa yawe uongo.

Juzi kuna ndugu aliuliza atafanyaje muziki wa kompyuta usikike kwenye redio za nyumba nzima. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, jibu likakataa kuisha. Basi nimelifungulia uzi wake.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika kaduka kadogo barabara ya Luthuli, mjini Nairobi. Nilikuwa nimepanga SQ huko Spring Valley, yaani kile chumba cha nyuma ambacho wenye nyumba kubwa huwajengea wafanyakazi. Wenye nyumba walikuwa wazee wawili, na walikuwa wamesafiri kwa watoto wao ng'ambo kwa miezi kadhaa. Nyumba kubwa ilifungwa, mapazia yakashushwa. Kwenye kiwanja kile, hadi soja wa usiku aje, tulibaki watu wawili: mimi nyuma, na soja wa mchana, mlinzi wetu pale getini.

Kila asubuhi nilimwambia, "Sasa soja." Akajibu, "Poa kijana." Akafungua geti. Jioni vivyo hivyo. Miezi minne, maneno manne kwa siku.

Sio kwamba nilikuwa na kiburi. Ukizoea kutozungumza, mdomo unakuwa mzito. Kuna Jumapili nilifika jioni nikagundua sijatoa neno tangu Jumamosi.

Sasa tuje kwa kifaa. Spika za kompyuta yangu ziliungua, na pale kazini mteja mmoja alikuwa ameacha transmitter ndogo ya FM asirudi kuichukua. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti. Unachomeka waya wake pale unapochomeka headphone, unachagua frequency ambayo haina stesheni, kisha unaweka redio yako hapo hapo. Kompyuta ikicheza, redio inaimba.

Kwa anayeanza, mambo mawili yatakusumbua, usikate tamaa. La kwanza, usifungue volume ya kompyuta hadi mwisho, sauti itakwaruza. Weka nusu, halafu ongeza kwenye redio. La pili, ukitumia maiki, zima redio iliyo karibu. Maiki ikisikia redio, na redio inarudisha sauti ya maiki, mnaanza kuzungushana na unatoka mlio mkali wa kutoboa masikio. Shikeni hilo la pili, nitalirudia.

Kidude chenyewe kilifika hatua chache tu. Mimi, kwa utundu wa ufundi, nikakiunganishia waya mrefu nikaupitisha kwenye ukingo wa paa, ili niweze kufua nguo nje nikisikiliza. (Msiniige hapo. Kurusha matangazo kunataka leseni, na waya kama ule unaweza kumharibia jirani redio yake. Nilikuja kuutoa.)

Jumamosi moja alasiri nilikuwa natoka kununua sabuni. Nilipokaribia geti nikasikia wimbo wa zamani wa gitaa, halafu kwenye ubeti wa pili ukaruka. Nikasimama. Ule mruko niliujua. Wimbo ule niliutoa kwenye CD yenye mkwaruzo, na ulikuwa unaruka hapo hapo kila siku.

Soja alikuwa ameketi kwenye stuli yake, redio ndogo ya betri mapajani.

Nikamwuliza, "Mzee, hiyo ni stesheni gani?"

"Hata mimi sijui jina. Ni mpya. Bado wanajaribu mitambo."

"Umejuaje?"

Akaniangalia kwa huruma. "Kijana, wewe ulikuja Nairobi lini? Stesheni zote huanza hivi. Zinapiga muziki tu, mwezi hata miwili, hakuna mtu anaongea. Siku moja unashtukia, 'Hamjambo wasikilizaji.' Hii nimeipata wiki ya tatu sasa. Hakuna matangazo ya sabuni, hakuna watu wa kuchekacheka ovyo. Shida ni CD zao, mbovu. Na mchana hawako. Nafikiri mtu wao ana kazi ingine."

Wakuu, hapo ndipo nilipopaswa kusema ni mimi. Niliona nikisema, stesheni inakufa, na mimi narudi kuwa kijana wa "sasa soja".

Jumatatu niliiacha kompyuta ikicheza kutwa nzima. Jioni nilipofika aliniita kabla sijabisha geti.

"Kijana! Leo walikuwa hewani tangu asubuhi. Sasa wako serious."

Nilikuwa nimegundua kwa lafudhi kwamba ni mtu wa Ukambani, basi nikaanza kutafuta nyimbo za kwao kwenye kompyuta za wateja. Nikizipanga usiku, kompyuta inampigia mchana nikiwa mjini. Jioni nasimama getini kupokea maoni. "Wameajiri mtu anajua muziki," alisema siku moja, na nilitembea hadi chumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumweleza.

Jumatatu moja jioni alinipa bahasha.

"Mwisho wa wiki hii natolewa hapa. Kampuni inanipeleka site ingine, huko Athi River. Hii ni kadi yangu ya salamu. Maisha yangu yote natuma salamu kwa stesheni kubwa, sijawahi kusomwa. Kadi ni nyingi huko, sisi wengine tunafunikwa chini. Hawa ni wapya, hawana kadi. Nataka niwe wa kwanza. Wewe unashinda tao, huko mjini, niulizie ofisi yao iko jengo gani."

"Sawa mzee."

"Umpatie mtu wa salamu mkononi. Usiachie soja wa chini. Masoja hupoteza barua."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Bahasha ile nilizunguka nayo ndani ya begi. Nilipanda nayo ngazi za mjini nikienda kutengeneza printa, nikaenda nayo Hurlingham kwa ofisi moja iliyokuwa na kompyuta zenye virusi. Nilipita chini ya majengo yenye milingoti ya stesheni za kweli. Mara mbili nilisimama nikitazama juu. Ningempa nani? Alitaka stesheni yake, ile ya nyimbo za kwao, na hiyo ilikuwa juu ya meza yangu, karibu na jiko la mafuta ya taa.

Alhamisi akaniuliza, "Uliwapata?"

Nikasema, "Niliwapata. Watasoma Jumamosi, saa nane."

Huo ndio uongo wangu, wakuu. Nilidhani ni zawadi.

Jumamosi niliwahi kurudi. Nikafunga mlango na dirisha, nikazima redio yangu, nikachomeka maiki. Saa nane ilipofika nikasimamisha muziki, nikafungua bahasha kwa mara ya kwanza. Mwandiko ulikuwa wa kalamu nyekundu na ya buluu, umepigiwa mistari kwa rula.

Nikasoma kwa sauti nzito isiyokuwa yangu:

"Ni mimi Mutinda Mwenda Pole, nikiwa geti la kijani, Spring Valley. Salamu zimwendee mke wangu, Mama Mwende, akiwa Mutomo. Mwende mwenyewe, asome kwa bidii. Dada yangu Kanini, Makindu. Soja mwenzangu wa usiku, anachelewa kila siku lakini nimemsamehe."

Ndio nikajua jina lake. Mutinda. Miezi mitano.

Ulibaki mstari mmoja. Niliusoma kimoyomoyo kwanza.

Halafu nikausoma hewani. "Na mwisho, huyu kijana wa nyuma aliyenibebea kadi hii mpaka kwenu. Yeye huwa peke yake. Jina lake sijamwuliza, nyinyi mwulizeni, mtaje."

Sauti nzito ilikuwa imenitoka. Nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, "Anaitwa Kariuki."

Nikawa nimekaa tu, maiki bado inafanya kazi. Ndipo ule mlio ukaanza. Kwanza mwembamba kama mbu, halafu mkali, halafu ukajaza chumba. Nilishawaeleza hapo juu maana yake. Kuna redio imesogea karibu.

Nikafungua mlango. Mzee Mutinda alikuwa amesimama kwenye ngazi, redio mkononi, inalia. Nikakimbia kuchomoa maiki. Kukawa kimya.

Aliitazama kompyuta. Akaufuata ule waya kwa macho hadi kwenye paa.

"Kumbe stesheni ni wewe."

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

"Inafika wapi?"

"Kwa geti."

"Mutomo haifiki?"

"Haifiki hata kwa jirani wa pili."

Akazima redio yake polepole. "Mama Mwende yuko kwa redio tangu saa saba. Nilimpigia jana na simu ya mwenzangu. Nikamwambia aite majirani."

Niliona boma ambalo sijawahi kufika, watu wamekaa kuizunguka redio inayotoa sauti ya mchanga mtupu, na mwanamke anayewaambia wavumilie kidogo.

Nikampa simu yangu. Alipiga namba ya jirani yao, akaongea Kikamba, na mimi Kikamba sijui. Hadi leo sijui kama aliwaambia ukweli au alisingizia milima. Alicheka mara moja. Nilisikia jina langu mara mbili.

Akanirudishia simu. "Ulisoma vizuri," akasema. "Lakini unakimbia. Salamu zinasomwa polepole, ndio mtu ajisikie." Alipofika kwenye kona ya nyumba akageuka. "Wewe ndio ulikuwa unaweka hizo za kwetu?"

"Ndio."

Akatikisa kichwa, akaenda kulinda geti.

Jumatatu kulikuwa na soja mwingine. Nilijaribu ile namba ya jirani mara nyingi baadaye, ikawa haipatikani, na site ya Athi River sikuwahi kuijua ni ipi.

Nilichojifunza si kikubwa. Mtu akikufungulia geti, mwulize jina siku ya kwanza. Na kama una kitu cha kumpa, mpe uso kwa uso. Mimi nilijenga stesheni nzima kukwepa hatua arobaini za kufika getini.

Yule ndugu wa juzi, kidude hicho ni rahisi, ukikwama niulize, tutaenda hatua kwa hatua.

Na kwa kuwa mtandao huu unafika mbali kuliko waya wangu, naomba nisome tena, safari hii polepole:

Mutinda Mwenda Pole, aliyekuwa geti la kijani, anamsalimu Mama Mwende, Mutomo. Anamsalimu Mwende. Anamsalimu Kanini, Makindu. Anamsalimu soja wa usiku.

Kama kuna mtu humu wa pande hizo anayewajua, amwambie mzee kwamba kadi yake ilikuwa ya kwanza. Bado ninayo.

Nanyi wengine, andikeni hapa chini jina la mtu anayewafungulia geti. Kama hulijui, nenda ukaulize kwanza. Tutakungoja.