Mafiga ya Nyumba ya Mwisho

Kwa Bibi, kijijini karibu na Kasansa, asubuhi ilinuka yai lililooza. Harufu ilitoka kwenye chemchemi ya maji moto iliyokuwa chini ya shamba lake, ikapanda na mvuke hadi mlangoni. Mwalimu alitufundisha kwamba huko chini ardhi bado ina moto. Bibi hakuhitaji kufundishwa, maana alikuwa akichemshia mihogo humo ndani ya kikapu. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa amejifungua mapacha mjini Mpanda, chumba chetu cha mtaa wa Kashaulili kikawa kidogo ghafla, na mwezi wa Desemba nikapandishwa basi nikakae kwa Bibi mpaka hali itulie. Nililia njia nzima. Baada ya wiki mbili sikutaka tena kusikia habari za kurudi.

Kati ya chemchemi na shamba palikuwa na mahame, mahali pa kijiji kilichohamwa zamani. Waliowahi kuishi pale hakuna aliyewajua kwa majina. Ilisemekana tu kwamba walikuwa wafua chuma, kwa sababu waliacha mabonge meusi mazito ambayo watu huyaita mavi ya chuma, pamoja na vigae vya vyungu na miduara ya mawe palipokuwa na nyumba. Sheria ya mahame ilikuwa moja: hapalimwi. Ukipiga jembe pale umelima nyumbani kwa watu, na mvua ikikatika, wewe ndiye utakayeulizwa. Upande wetu, mwisho wa mahame ulionyeshwa na mafiga matatu ya nyumba ya mwisho. Bibi alianza kupanda karanga zake hatua chache baada ya mafiga hayo, na kila msimu, kabla ya kuinua jembe, alisimama kwanza akayatazama.

Karanga zikishatoa maua haziingiliwi tena kwa jembe. Kazi inayobaki ni kufukuza ngedere, na kazi hiyo nilipewa mimi nikitoka shule. Nilikaa kwenye mafiga yale nikicheza kupikapika, ugali wangu ukiwa tope na nyama yangu mavi ya chuma. Tatizo ni kwamba niliogopa. Kutoka pale sikuuona mlango wa jiko la Bibi, na nyuma yangu ile miduara ya mawe ilikaa kimya mno. Ndani ya shamba, katikati ya karanga, palikuwa na kichaka ambacho Bibi alikiacha kwa ajili ya kivuli, na ukikaa hapo jiko unaliona vizuri. Siku moja, mvua ikiwa imelegeza udongo, niliyachimbua mafiga kwa kipande cha mti na kuyaviringisha moja moja hadi chini ya kichaka. Ilinichukua mchana kutwa. Nilifukia mashimo na kutupia majani juu yake, nikaendelea kupika nikimwona Bibi, na roho yangu ikatulia.

Mwezi wa tatu mvua ikakatika. Mahindi yakaanza kujikunja, na maneno yakazunguka kijijini kwamba kuna mtu amelima mahame. Wazee watatu wakaja na mwenyekiti wa kitongoji kukagua mashamba yote yanayopakana nayo. Walipofika kwetu hawakupata shida. Mafiga yalikuwa katikati ya karanga za Bibi, na majani yake mabichi yalikuwa yameyazunguka pande zote.

"Mama, umeingia mbali," mzee mmoja alisema kwa upole. "Nyie wote mnaona."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi nikishika kanga yake. Nilingoja akatae. Bibi aliyatazama mafiga kwa muda mrefu, akatazama upande wa chemchemi, kisha akayatazama tena. "Mimi niliyaona yakiwa kule," alisema. "Basi macho yangu yamechoka."

Nilitaka kusema. Niliogopa wale wazee, niliogopa fimbo, nikanyamaza. Karanga zote kutoka kichakani hadi kwenye mahame ziliachwa zikaozea ardhini, karibu nusu ya shamba. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Bibi akaanza kuniuliza vitu alivyovijua. Hii ni njia ya kisimani? Huyu mbuzi ni wetu? Akipima chumvi ya mboga ananiita nitazame. Kwenda sokoni peke yake akaacha kabisa. Mwezi wa sita baba alikuja kunichukua, na Bibi akamwambia kwamba uzee umemkuta bila kupiga hodi. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na sikuwa nimemwambia.

Mwaka huu nimerudi na wenzangu wa kazini. Siku hizi mahame yana kibao, na kuna kijana anayewatembeza wageni. Mashamba ya jirani yana mawe ya mpaka yaliyojengwa kwa saruji na kupimwa kwa mitambo, mtoto hawezi kuyaviringisha. Sehemu ya Bibi imeota msitu. Kijana alitupeleka hadi chini ya miti, akatuonyesha mafiga matatu, akaeleza kwamba hapo ndipo watu wa kale walipopikia, na wenzangu wakapiga picha.

"Hayo niliyaweka mimi hapo," nikasema.

Kijana akacheka kwa adabu. "Mama, hayo yana umri mkubwa kuliko bibi yako."

"Najua. Yalikuwa kule."

Alitikisa kichwa kidogo, akaendelea na maelezo yake. Niliwaacha nikatembea kurudi upande wa chemchemi, hadi pale Bibi alipokuwa akisimama na jembe kila msimu. Nikamwambia kwamba alikuwa ameona sawasawa, kwamba macho yake hayakuwa na kosa lolote.