Kofia ya Sheshe kwenye Kona ya Simu

Sheshe aliendesha lori la mboga kutoka Lushoto hadi Mombo kwa miaka kumi na moja bila kugonga hata mbuzi. Naanza na hilo asije mtu akamdhania mzembe. Alianzia kwenye gari la ushirika. Ushirika ulipolala na soko likawa huria, kila mwenye kabichi akajitafutia mnunuzi wake, na sisi wanunuzi tukawa tunamgombea Sheshe. Mimi nilimng'ang'ania kwa kuwa alishuka mlima kwa gia namba mbili, na tenga likipotea alisema limepotea.

Simu ya mkononi nilimpa mimi, mwaka 2003. Haikuwa zawadi. Nilitaka Rajabu, dalali wangu wa Kariakoo, anipe bei ya karoti kabla hatujafika Mombo, niamue kama mzigo uende Dar es Salaam au Tanga. Simu ikae kwa dereva kwa sababu kuna siku sikusafiri na mzigo.

Kumbe mlima una mahali pake pa kuongelea. Kutoka Lushoto hadi Soni simu haikutoa hata mlio. Ukishaipita Soni, pale barabara inapojikunja na uwanda wa chini kuonekana wote, mtandao unashika ghafla, na kila anayekutafuta anakupata. Madereva wakapaita Kona ya Simu. Ukitema mate dirishani pale, yanaangukia korongoni.

Mwaka huohuo Shamsa, mke wa Sheshe, alikwenda kujifungulia kwao Bumbuli. Walikuwa wamengoja mtoto miaka sita. Mama yake Shamsa, Bi Saumu, alikuwa na simu aliyoletewa na mwanawe wa Tanga. Kila mchana baada ya sala alipanda kilima nyuma ya nyumba, huko juu mtandao ulikoshika, akampigia mkwewe. Ilikuwa saa nane kasoro. Siku za mzigo, saa nane kasoro sisi tulikuwa Kona ya Simu.

Siku ya kwanza niliyoliona jambo lenyewe, tulikuwa na matenga sitini ya karoti na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaichomoa kwa mkono wa kushoto, akatazama.

"Mama mkwe," akasema, na sauti yake ikabadilika.

"Mwache apige tena."

Akaweka simu sikioni. "Shikamoo, mama."

Mkono wa kulia ukauacha usukani, ukavua kofia.

Nakwambia, aliivua vizuri, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa wakwe zake, akaishika kifuani. Usukani aliuachia magoti. Mbele yetu basi lilikuwa linapanda, limekaa katikati ya barabara. Niliurukia usukani nikauvuta kwangu, huku kwangu ndiko kuliko korongo. Tairi la mbele likapanda mawe ya kingo. Lori likainama. Nyuma kamba ikakatika, nikasikia matenga yakishuka bondeni, moja, jingine, jingine. Breki zikashika.

"Ndiyo, mama, hatujambo," Sheshe alikuwa anasema. "Safari njema kabisa."

Basi lilipita likitupigia honi. Sheshe akakata simu, akairudisha kofia kichwani.

"Umevua kofia," nikamwambia.

"Mama Vumilia, nimsalimie mkwe wangu na kofia kichwani?"

"Hakuoni!"

"Mimi najiona."

"Basi izime simu mpaka Mombo."

"Shamsa siku zake zimefika. Mama akipiga kuniambia ameshikwa na uchungu, anikose? Bora uniteremshe humu, utafute dereva mwingine."

Niliwaza, na sikuwa na dereva mwingine wa gia namba mbili. Kumgombeza hakukusaidia. Nilimgombeza hadi Mombo, na mzigo uliofuata akavua kofia tena, safari hii kwenye sehemu iliyonyooka, akadhani amenitendea hisani. Nikaona nafanya biashara na mtu asiyehusika. Mwenye mali alikuwa Bumbuli.

Nilikwenda Jumapili. Bi Saumu nilimkuta anachambua maharage barazani, Shamsa amelala ndani, miguu imevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata kabichi? Zangu bado changa."

"Nimefuata hiyo marahaba."

Akaniangalia juu ya ungo. "Hiyo siuzi."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kofia akacheka, akapiga paja. "Alivua? Peke yake, na hakuna anayemwona? Mnasikia huko ndani? Nilisema huyu kijana ana adabu!"

"Ana adabu ya mikono miwili, mama. Mmoja wa simu, mmoja wa kofia. Gari ameliachia magoti."

Kicheko kikakatika. Akachambua maharage kwa muda, mawe huku, mabovu kule.

"Nisimpigie mchana?" akauliza.

"Ingekuwa heri."

"Na uchungu wa Shamsa unajua saa? Nitampigia nikiwa na neno la kumpigia. Lakini nenda. Nimesikia."

Nilitaka ahadi iliyo wazi zaidi ya hiyo. Nikajaribu mara mbili. Akaingia kwenye Kishambaa na kuniulizia watoto wangu mmoja mmoja, nikajua mazungumzo yamefungwa.

Jumatano tulishuka na karoti na hoho. Kona ya Simu, simu ikalia. Nikashika mpini wa mlango. Sheshe akapokea.

"Shikamoo, mama."

Bi Saumu alikuwa wa wale wanaoongea na simu kama wanamwita mtu ng'ambo ya bonde. Nilimsikia kila neno.

"Uko wapi?"

"Njiani, mama."

"Gari imesimama?"

Mkono wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye kofia. Akanitazama, akaurudisha kwenye usukani. "Imesimama."

"Mbona injini inalia?"

Sheshe akakaza mkono kwenye usukani.

"Shikamoo ya usukani siipokei," akasema Bi Saumu, akakata.

Sijui kama msomaji wa mjini ataelewa. Mtu mzima kukunyima marahaba ni kukuacha nje mlango umefungwa. Lakini Sheshe hakuwa anafikiria hilo.

"Tangu Jumapili hakupiga. Kwa nini kapiga leo? Ana neno. Shamsa ana nini?"

Tayari tulikuwa tumeipita kona na mtandao umekwisha. Nyuma yetu lori la mbao lilikuwa linatusukuma kwa honi. Pa kusimama palikuwa mbele, uwanja mdogo wanapouzia matunda, ambapo mtandao hurudi. Kati yetu na uwanja kulikuwa na kona nne.

Gia ikapanda namba tatu.

"Rudisha mbili," nikasema.

"Shamsa—"

"Rudisha mbili, Sheshe! Ukifika huko chini vipande vipande utamsalimia nani?"

Kona ya kwanza tuliichukua vibaya, hoho zikagonga ubao wa nyuma. Kabla ya ya pili akarudisha gia. Alinirushia simu mapajani, akashika usukani kwa mikono miwili, jasho likimdondoka kidevuni. Tukaenda hivyo hadi uwanjani.

Alisimamisha, akazima injini, akashuka, akaweka jiwe mbele ya tairi. Hata siku ile hakulisahau jiwe. Akapiga. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Injini?"

"Nimezima, mama. Nimesimama chini."

"Marahaba, mwanangu. Shamsa kajifungua tangu alfajiri. Mtoto wa kike. Wote wazima."

Habari ile Bi Saumu alikuwa nayo mdomoni tangu kona, akaimeza mpaka mkwewe aliposimama. Mimi nimekaa sokoni miaka mingi, na sijamwona mtu aliyeshikilia mali yake namna ile.

Sheshe alikaa juu ya jiwe jingine kando ya barabara akajifuta uso kwa kofia. Kisha akapanda garini, akaiacha simu kwangu bila kuambiwa. Nikaitia ndani ya kapu langu, chini ya khanga. Ililia mara tatu kabla ya Mombo. Alikuwa Rajabu.

Tulipofika nikampigia. "Nimekutafuta mara tatu!" akalalamika, kisha akataja bei.

"Nimeona," nikamwambia. "Anayepiga mara tatu ana haja ya karoti. Sema bei upya."

Akasema bei upya.