Ameshapoa

Nilikuwa Sepuka nikimsaidia mama yangu kupiga alizeti. Mwanangu nilimwacha mjini Singida kwa mama mkwe, ana homa, nikijiambia naenda na kurudi. Mchana simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, mtu wa pwani aliyeletwa huku na biashara za mumewe.

"Mwanangu, mtoto ameshapoa. Wewe njoo tu."

Mtandao ukakata. Nikakaa palepale kwenye makapi.

Kwetu kinachopoa ni uji, ni chai, au ni maiti. Bibi yangu alipokata roho, shangazi alimshika nyayo, akatugeukia, akasema neno hilohilo, "Ameshapoa," na kina mama wakaangua kilio. Halafu hiyo "njoo tu". Huku hakuna anayekupa msiba kwenye simu. Unaambiwa uje tu.

Mama akaniuliza kuna nini. Nikapiga tena na tena, simu haipatikani. Nikamwambia kijana wa bodaboda anikimbize mjini, mwanangu anaumwa. Bado nilikuwa namwita mgonjwa.

"Poa, mama," akajibu. Nilitamani kumzaba kofi.

Njia nzima sikumwomba Mungu amponye. Nilimwomba barabara isiishe, maana kabla sijafika, mwanangu alikuwa bado hajafa.

Mlangoni nikakuta ndala nyingi. Nikaingia bila kuvua viatu. Ndani majirani walikuwa wanakunywa kahawa, na binti yangu amekaa mkekani na bakuli la uji. Nikawapita watu wazima bila salamu, nikamshika nyayo. Zilikuwa na uvuguvugu wa kawaida. Akazivuta akicheka.

"Mama, unanitekenya."

"Hata shikamoo hakuna?" mama mkwe akauliza. "Na hayo machozi ya nini? Si nilikwambia ameshapoa?"

"Shikamoo, mama. Kupoa ndiyo nini?"

"Marahaba. Kupoa ni kupona, mwanangu. Homa imemtoka. Kwani nyie kwenu mnasemaje?"

Wote wakanitazama, na mtoto naye akashusha kijiko akisubiri jibu. Nilikuwa bado nimekishika kisigino chake.

"Kupona," nikasema. "Na sisi tunasema kupona tu."