Lori Linalokunywa Spiriti

Jirani yangu Lornah aliniambia yule dereva wa plotini kwetu, kwenye nyumba za kupanga hapa Waithaka, hulinywesha lori lake pombe. Nikaanza kumwangalia. Tangu petroli iadimike, huichanganya na spiriti ya miwa, akitikisa mtungi polepole kama ninavyombembeleza mwanangu. Kisha hudondosha tone kiganjani, hulisugua, hulinusa ajue kama spiriti imezidi. Spiriti ikizidi, lori huzimika katikati ya mlima na kurudi nyuma na magunia yake ya viazi. Leo alinusa, akanusa tena, akaja nilipokuwa naanika nepi.

“Mama Salme, Lornah asisikie, atanicheka plotini kote. Pua yangu imekufa, siku hizi nabahatisha tu. Tafadhali ninusie wewe kabla sijapanda mlima.”