Bomba la Jirani

Mume wangu ni fundi bomba hapa Iringa, lakini maji yetu ya kuogea yalikuwa yakitiririka ovyo uani. Siku moja alipata kazi kwa jirani yetu mjane. Nilipompelekea chakula, nilimkuta amelala kifudifudi kando ya mtaro, akipima mteremko wa bomba la majitaka. Kisha akaziba mwisho wa bomba, akalijaza maji, tukasubiri. Niliomba livuje. Maji hayakupungua.

"Mungu aibariki mikono yako, fundi," jirani akasema. Mume wangu akatabasamu kama siku ya posa.

Roho iliniuma. Nikabeba sururu yake, nikaenda kuchimba mtaro wa maji yetu uani. Jioni akanikuta humo.

"Mama watoto, mteremko huu utaleta maji chumbani," akasema, akinyoosha mkono nimpe sururu achimbe yeye.

Sikumpa sururu mpaka alipoahidi kwamba bomba la jirani likiziba, atatuma fundi mwingine.