Paka Rangi Nyekundu Mgongoni

Kanzu ilifika Bagamoyo kabla ya barua. Ilikuja ndani ya furushi la viungo kutoka Mandvi, Uhindini, nyeupe kama tui la kwanza, fupi, ya kufunga kwa nyuzi ubavuni. Katika mkunjo wake mlikuwa na kifuko cha unga mwekundu, laini hata ukipumua karibu nao unakurukia puani. Velji alijua mara moja furushi lile lilifungwa na nani.

Barua ilipofika wiki ya pili, mwandiko ulikuwa wa ndugu yake mkubwa. Maneno yalikuwa ya Jamna, mke wa ndugu huyo, ambaye kuandika hakujua ila kuchokoza alihitimu.

“Shemeji, Holi inakuja nawe uko ng’ambo unasoma. Mwaka jana nilikupaka rangi mpaka ukajificha juu ya marobota ya pamba, nikakufuata hukohuko. Mwaka huu nani atakupaka? Ivae kanzu hii siku ya rangi, kisha uirudishe bila kuifua. Wala usijidanganye ukaipaka mwenyewe, maana mkono wa mtu haufiki katikati ya mgongo wake. Nikiona mgongo mweupe nitajua kwamba miezi minane yote hujapata huko hata mtu mmoja wa kukuchokoza. Nitamwambia mama, na mama atalia.”

Velji alikuwa na miaka kumi na tisa, na katika yote aliyoyaacha kwao, kilio cha mama yake ndicho alichokiogopa zaidi. Aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena. Mzaha wa Jamna ulikuwa na mwiba, na mwiba ulikuwa umepata mahali pa kuingia. Ni kweli, nani angempaka?

Alikuwa ameletwa Bagamoyo na baba yake mdogo, Damji, ajifunze Kiswahili na kuandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, maana barua zilikuja kutoka bara na dukani hapakuwa na wa kuzisoma. Mabaniani wa mtaa ule walikuwa saba tu, wote wanaume, wote wazee wa kukohoa. Wake zao walibaki kwao, kwa sababu siku zile mwanamke wa Kibaniani hakuvuka bahari. Siku ya Holi, ambayo kule Mandvi mkubwa na mdogo hurushiana rangi na maji na kununa ni marufuku, wazee hawa saba kila mwaka walikuwa wakioga, wakisali, kisha kila mmoja akimgusa mwenzake kwenye paji la uso kwa ncha ya kidole chenye rangi, kama mtu aonjaye chumvi. Basi. Sikukuu imekwisha, fungua duka.

“Na usithubutu kumrushia mtu wa mji huu rangi,” Damji alimwonya. “Watu hawa kanzu zao nyeupe wanakwenda nazo msikitini. Ukimchafua mmoja, kesho tuko mbele ya liwali.”

“Na nikirushiwa mimi?”

Damji alimtazama. Ishirini na miwili ilikuwa miaka yake Bagamoyo, na hakuna aliyewahi kumrushia hata punje ya mtama. “Ukirushiwa, ni bahati yako,” akasema, akarudi kwenye mizani.

Kwa Velji huo ulikuwa mlango uliosahauliwa bila komeo. Kurusha hapana, kurushiwa ruhusa. Kilichobaki ni kumpata mrushaji.

Mwalimu wake, Mwalimu Mrisho, alisomeshea barazani kwake, ng’ambo ya njia. Asubuhi ile Velji hakungoja somo.

“Mwalimu, mtu akichukua kitu laini kwa mkono, akakitia mwilini mwa mwenzake, mnasemaje?”

“Inategemea kitu. Ikiwa mafuta, anampaka mafuta. Ikiwa liwa, anampaka liwa. Ikiwa matope, hapo anamharibia jina.”

“Basi ni paka.”

“Kupaka. Paka ndilo shina.”

Velji akaandika shina. Zile ku na m na ni na wa, zilizong’ang’ania maneno ya Kiswahili kama kupe kwenye sikio la ng’ombe, alikuwa amezichoka tangu mwezi wa kwanza. Mti ni shina, alijiambia. Majani watajaza wenyewe.

“Na nani anaweza kumtia mwenzake rangi hivyo, pasiwe na ugomvi?”

“Ah! Huyo ni mtani.” Mwalimu Mrisho aliweka kalamu, maana neno hili alilipenda. “Mtani akikumwagia maji, unamwambia ahsante. Hata matangani, watani wa marehemu huja wakaigiza alivyokuwa anatembea, na wafiwa wakacheka na machozi yao. Shemeji ni mtani. Bibi na mjukuu ni watani.”

“Mimi nina mtani mji huu?”

“Mtani hatafutwi kama mbuzi aliyepotea, bwana. Mama yangu anakuitaje?”

“Mjukuu.”

“Basi unaniuliza nini mimi? Mwendee mwenyewe.”

Bi Mwanamvua, mama yake Mrisho, alikuwa uani anapeta mchele. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung’aa, mwenye meno machache na maneno mengi. Velji alichuchumaa mbele ya ungo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Mbona jasho?”

Alikuwa ameipanga sentensi yake njia nzima, akaitoa kama mtu anayepokonya sufuria motoni. “Keshokutwa sikukuu yangu. Nyumbani mbali. Nataka paka, rangi nyekundu, mgongoni.” Akageuka akauonyesha mgongo wenyewe.

Ungo ukasimama. “Mgongoni pako?”

“Pangu!”

“Akae mgongoni pako?”

“Ikae,” alisema Velji, akafurahi kimoyomoyo kumsahihisha bibi ngeli. “Ikae sana. Isitoke.”

“Na awe mwekundu.”

“Nyekundu kabisa.”

Bi Mwanamvua alichagua chuya moja, akaitupa. “Mmoja atatosha?”

Velji akawaza, mmoja akimpaka ni vizuri, lakini wakiwa wengi Jamna atakosa la kusema. “Wawili bora. Hata watano, bibi.”

“Watano!” bibi alisema kwa sauti ndogo. “Masikini mtoto wa watu. Nenda, mjukuu wangu. Nitakutafutia.”

Paka wekundu hawakuwa wengi Bagamoyo. Wa kijivu walikuwako, weusi walikuwako, wa mabaka walilala kila kibaraza. Mwekundu wa kweli, mwenye mgongo kama chungu kipya, alikuwa mmoja, na alikuwa wa Mardhiya, jirani wa nyumba ya tatu. Aliitwa Zafarani. Mardhiya alimpa samaki kabla ya mumewe.

“Wanamchinja?” aliuliza Mardhiya, amemkumbatia.

“Baniani hali hata yai, atachinja paka?”

“Basi wanamfanya nini?”

“Wanambeba.”

“Wanambeba tu?”

“Mgongoni. Alitaka watano, lakini mji huu hatuna utajiri huo.”

“Bi Mwanamvua, hii ni sikukuu gani?”

“Kila watu na mila zao, mwenzangu. Wewe siku ya harusi yako si ulibebwa mgongoni? Nani alikuuliza sababu?”

Mardhiya alikubali kumtoa. Ila alishika shauri moja, kwamba Zafarani hatoki bila yeye.

Siku ikafika. Wazee saba waligusana mapaji, wakakohoa, wakatawanyika. Velji alivaa kanzu ya Jamna, akavuka njia mbio, akaingia uani kwa mwalimu wake na kifuko mkononi. Bibi alikuwako. Mardhiya alikuwako pia, kajifunga leso mpya, kashika kitu kifuani chini ya leso ile. Velji akamhesabu kuwa mpakaji wa pili, moyo wake ukacheza.

“Uko tayari, mjukuu wangu?”

“Tayari sana.”

Alipiga magoti, akawapa mgongo. Kwao wachangamfu hufumba macho wasijue rangi inatoka wapi, naye akafumba. Akakifungua kifuko, akakiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, wachote kwa urahisi.

“Ana ubani wake,” alinong’ona Mardhiya.

“Nyamaza. Mweke.”

Akamweka.

Paka yeyote hapendi kuwekwa. Zafarani, aliyelelewa kwa samaki na maneno matamu, alijikuta juu ya mgongo wa mtu asiyemjua, mgongo unaotetemeka kwa furaha, akafanya lile ambalo kila mwenye kucha angelifanya. Akashika.

Yowe la Velji lilisikika mpaka kwenye mizani ya Damji. Aliruka mbele, mikono ikaruka nyuma, na kifuko chote, mwaka mzima wa rangi ya Mandvi, kikapaa angani kikachanua kama ua. Zafarani alishapita juu ya ukuta. Unga ulishuka taratibu, kwa adabu, ukamvika Bi Mwanamvua kuanzia ukaya wa kichwani hadi vidole vya miguu, ukamvika Mardhiya na leso yake mpya.

Wanawake wawili wekundu walitazamana.

Velji akafumbua macho, akauvuta mgongo wa kanzu yake kuja mbele apate kuuona. Ulikuwa mweupe. Ulikuwa na vitundu vidogo vya kucha, na mweupe. Akakiokota kifuko, kilikuwa kitupu. Alikikung’uta, akakigeuza nje ndani, akakikung’uta tena.

“Leso yangu!” alisema Mardhiya.

Hapo mlango wa uani ukafunguka. Damji alisimama kizingitini, kidoa cha asubuhi kikiwa bado kwenye paji lake. Aliona wanawake wa watu wamejaa rangi; aliona mtoto wa ndugu yake ameshika kifuko; akamwona liwali, waziwazi, ameketi na faini mdomoni.

“Nilikwambia nini?”

“Kaka, sikurusha! Kaka, paka—”

“Ndiyo, paka!” alidakia Bi Mwanamvua. “Si alitaka paka mwenyewe? Rangi nyekundu, mgongoni. Nimemletea, kamkataa.”

Kutoka barazani kilisikika kicheko. Mwalimu Mrisho alikuwa ameegemea mlango wa ndani, kofia imemwanguka, anajaribu kusema na kicheko kinamzuia.

“Mama,” alisema hatimaye, “hakutaka paka. Alitaka kupakwa. Kwao leo ni siku ya kupakana rangi, na hana wa kumpaka.”

Bi Mwanamvua alimtazama Velji, aliyekuwa bado amepiga magoti, macho yamemjaa maji, si ya kucha peke yake.

“Yaani ku tu ndiyo iliyopungua?”

“Na wa, mama.”

“Nimezunguka mji mzima kwa ajili ya ku!” Akajishika kiuno. Kisha uso wake ule mwekundu ukaanza kukunjika pembeni mwa macho. “Haya. Na huyu mjukuu wangu amenimwagia rangi, au hakunimwagia?”

“Amekumwagia,” alisema Mrisho.

“Amenianza yeye?”

“Amekuanza yeye.”

“Kifuko changu kitupu, bibi,” alisema Velji. “Rangi kwisha.”

“Kwisha? Mimi huoni nilivyo?”

Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, polepole, kama mtu anayemaliza dua. Akavitazama, vilikuwa vyekundu pyu. Akamzunguka Velji kwa nyuma, akampiga navyo katikati ya mgongo, pa!, pale pasipofika mkono wa mwenyewe, akavishikiza hapo muda kidogo.

Mardhiya naye hakungoja kuambiwa. Aliikung’uta leso yake juu ya kichwa cha Velji, na palipobaki peupe akapamalizia kwa masizi ya chungu. “Hiyo ni ya leso,” alisema. “Ya Zafarani bado.”

Damji alikuwa anarudi nyuma kimyakimya.

“Wewe!” Bi Mwanamvua alimwita. “Njoo hapa. Nimesikia mtoto anakuita kaka.”

Velji alifungua mdomo aeleze kwamba kwao kaka ni baba mdogo. Akaufunga. Kiswahili chake, alikumbuka, kilikuwa bado kichanga.

“Kaka wa mjukuu wangu ni mjukuu wangu,” alisema bibi, akamfikia mtu mzima yule wa miaka hamsini, akampaka pua na mashavu yote mawili. Damji hakukwepa. Alisimama tu, mikono imeshikwa na hewa, kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni akiwa sokoni. Alipopata sauti, alisema itabidi aoge mara tatu. Lakini hakwenda kuoga. Alikwenda dukani vilevile, akakaa mlangoni na pua nyekundu, na wazee sita wakaja mmoja mmoja kuuliza amepata wapi.

Kanzu ilirudi Mandvi bila kufuliwa. Barua yake Velji aliianza mara nne. Viganja vilikuwa rahisi, aliandika ni vya bibi yangu wa huku. Matundu ndiyo yaliyomshinda, kwa sababu kwa lugha ya kwao paka na kupaka hayajuani hata kwa sura, na kila alipoeleza mzaha ulimfia mkononi. Mara ya tano akaandika mstari mmoja tu, ndugu yake amsomee Jamna kwa sauti, mbele ya mama:

“Matundu usiyaulize, shemeji. Yanataka mtu aje huku asome.”