Makaa Ndani ya Kiatu

Mwezi uliopita mwalimu wa shule ya watoto iliyo jirani yetu aliniomba nivae ndevu za pamba. Alisema nina sauti nzuri, nimezoea kusoma mbele ya watu, na tumbo tutalitengeneza kwa mto. Pamoja na joho jekundu alinipa karatasi walizojaza wazazi: jina la mtoto, zawadi aliyonunuliwa, na kosa lake moja la mwaka, ili Pere Noeli, mzee wa zawadi za Krismasi, alitaje mbele ya wenzake kabla ya kumpa zawadi. Mmoja anakataa maharage. Mwingine anamng'ata mdogo wake. Mwingine anakojoa kitandani.

"Ni mchezo tu," aliniambia. "Wanatulia mwezi mzima."

Nilimrudishia joho. Nilisema ni upuuzi, nikaondoka. Hapa nitajaribu kueleza vizuri zaidi, ingawa sina nia ya kuwa mpole zaidi.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mutanga Nord, katika nyumba ambayo madirisha yake ya nyuma yalitazama upande wa Kamenge, mtaa wa mapigano. Miaka ile ya vita tulijifunza kuisikiliza milio ya bunduki kama watu wanavyosikiliza mvua: iko mbali, inakuja, imefika. Tulilala na nguo za mchana, viatu vikiwa karibu na kichwa, kamba zimelegezwa ili mguu uingie mara moja. Mimi nilikuwa na miaka tisa, dada yangu mdogo mitano, na tulilala kitanda kimoja.

Alfajiri moja tulikimbilia parokiani, na kiatu chake kimoja hakikuonekana. Alikimbia mguu mmoja mtupu, akakanyaga chupa iliyovunjika. Tangu siku hiyo alilala amevaa viatu. Vilikuwa vyeusi, vya shule, vyenye mkanda wa kufunga pembeni, na hakuna aliyeweza kumvua. Tangu siku hiyo pia alianza kukojoa kitandani. Mama alifua mashuka, akayaanika nyuma ya nyumba.

Kisha akaja Tantine. Alikuwa dada yake baba, mwalimu, aliyesoma bweni kwa masista. Mtaa wake ulikuwa umechomwa, akahamia kwetu na masanduku mawili. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya wa miaka ile niliwaona, na hawakufanana naye. Alikuwa kitu kingine, ambacho nakidharau zaidi kila mwaka unaopita: mtu mwenye mbinu.

Alitaka dada yangu awe *sage*, ndilo neno lake la Kifaransa kwa mtoto mtulivu, asiyesumbua watu wazima. Mashuka kwenye kamba yalimuudhi. Basi Desemba ilipoanza alituketisha, akatuletea Pere Noeli. Mkesha wa Noeli, alisema, kila mtoto ataweka viatu vyake mlangoni. Aliye sage atakuta zawadi ndani. Anayekojoa kitandani ataandikwa katika orodha ya Pere Noeli, na atakuta makaa.

Dada yangu alikuwa na swali moja. Atapitaje usiku, na kuvrefe ipo? Saa za kuvrefe, amri ya kutotoka nje, aliyeonekana barabarani alipigwa risasi. Hata sisi tulilijua hilo. Tantine alicheka, akasema Pere Noeli ana ruhusa.

"Basi ni mutu wa bunduki," dada yangu akasema.

Tantine angeweza kukataa. Neno moja lingetosha. Lakini nilimwona akiipima faida iliyomo.

"We tulia tu," alisema. "Akikuta umetulia, hatakufanya kitu."

Fikirieni jambo hilo. Mtu anayetembea wakati wengine wote wamekatazwa, anayeingia katika nyumba zilizofungwa, mkononi ana orodha ya majina. Watu wazima wa mji ule walizima redio gari liliposimama mbele ya lango. Walijua vizuri karatasi yenye majina inaweza kufanya nini. Na bado mmoja wao alimwumbia mtoto wa miaka mitano mtu wa namna hiyo, akampaka rangi nyekundu, akamwita mchezo.

Daftari la makosa lilikuwepo kweli, la shule, lenye jalada la bluu. Kila asubuhi, chai ikimiminwa, Tantine aliliweka mezani na kuniuliza:

"Kitanda?"

"Kimelowa," nilijibu.

Hakunilazimisha. Mwezi ule niliiba sukari na kumpasua mtoto wa jirani kichwa kwa jiwe, na hakuna lililoandikwa, kwa sababu mtoa habari hajiandikishi mwenyewe. Ninapoudharau mchezo huu naudharau kutoka ndani. Nilikuwa mfanyakazi wake.

Mkesha ulipofika, dada yangu hakutaka kuvua viatu. Tantine alisema asipoviweka mlangoni atakuwa ameikataa Noeli, na Mtoto Yesu atasikia. Ikabidi mama amvue. Alimshika mama shingoni wakati wa mguu wa kwanza, na wakati wa mguu wa pili alishika kwa nguvu zaidi. Mama aliviweka mlangoni, vimepanguswa, vimeangalia nje.

Asubuhi, ndani ya viatu vyangu nilikuta pakiti ya biskuti na puto la manjano. Ndani ya vyake mlikuwa na vipande vitatu vya makaa.

Sasa lazima mjue kwamba wiki ile makaa hayakupatikana. Barabara za kutoka milimani zilikuwa hazipitiki, wachuuzi hawakushuka, na mama alikuwa akipikia mbao za kreti kuukuu. Dada yangu alivitazama vile vipande kwa muda. Kisha uso wake ukafunguka. Alibeba viatu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mayai, akaenda jikoni.

"Mama, ameleta makala," alisema. "Alijua hatuna."

Mama hakucheka. Alivipokea kimoja kimoja, akavipanga kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akateleka chai. Kwa muda wa dakika tano hivi, katika nyumba yetu, Pere Noeli alikuwa mtu mwema.

Ndipo Tantine akaingia, amevaa gauni la misa, na hakuweza kuvumilia. Alichuchumaa mbele ya mtoto na kumweleza. Alieleza taratibu, kwa sauti ya darasani, kwamba ile si zawadi, ni adhabu. Kwamba Pere Noeli alikuwa ameona shuka.

"Wifi," mama alisema, "mwache."

Hakumwacha. Alieleza hadi mtoto akaelewa. Yale makaa ningeweza kumsamehe, maelezo sijayasamehe.

Dada yangu hakulia. Alivaa viatu vyake, ndani vikiwa bado na vumbi jeusi, akafunga mikanda yote miwili.

"Kumbe anajua kwetu," alisema, akatoka.

Mimi nilikuwa barazani napuliza puto langu. Nililipuliza hadi likawa kubwa kuliko kichwa changu, upepo ukalisukuma kwenye miiba ya bugenvilia, likapasuka kwa mlio kama wa risasi.

Baba alianguka chini sebuleni. Mama alilala kando ya mbabula. Nami nililala kifudifudi barazani, biskuti mfukoni zikivunjika. Kupitia mlango nilimwona Tantine juu ya vigae vya jikoni, gauni la misa limepanda magotini, mikono kichwani. Wote walipoelewa ni puto tu, yeye ndiye aliyesema kwanza, bado amelala.

"Nani amefanya hivyo? Pere Noeli ataandika."

Hapo tukagundua dada yangu hayupo. Tulimkuta langoni, amesimama mgongo ukigusa ukuta, mahali baba alipotufundisha kungoja milio ikianza. Miguu ilikuwa myeusi hadi kwenye vifundo. Yeye peke yake katika nyumba nzima ndiye aliyefanya kama tulivyofundishwa. Na mkononi alikuwa ameshika viatu vyangu, kamba zimelegezwa.